Motokaa Ikizimika kwa Joto: Tafuta Ugonjwa Kabla ya Kununua Dawa

Katika skimu za Muhoroni, Koru na Songhor, ambako mashamba makubwa yalianza kugawiwa wakulima wadogo miaka ya 1960, na hata katika mashamba ya mpunga ya Ahero, wakulima wengi wana motokaa za zamani. Utaona Peugeot 504 pikapu, Datsun 1200, Toyota Hilux na Land Rover. Motokaa hizi ni nzee, lakini kazi bado zinaweza. Zinapeleka maziwa, nyanya na ndizi Kisumu, na zinarudi na mbolea na mbegu. Haifai kuzidharau. Peugeot 404, ndugu mkubwa wa 504, ilishinda mashindano ya Safari mara nne, mwaka wa 1963, 1966, 1967 na 1968, katika matope na vumbi la nchi yetu wenyewe.

Lakini uko ugonjwa mmoja unaowasumbua sana wenye motokaa hizi. Asubuhi motokaa inawaka vizuri. Inatoka Muhoroni, inapita Awasi, inakwenda bila shida. Mara jua linapokuwa kali katika uwanda wa Kano, injini inakohoa na kuzimika. Au mkulima anasimama Ahero dakika kumi kushusha mzigo, na akirudi kupiga stata, injini inazunguka tu, haiwaki. Anangoja nusu saa, anapiga tena, inawaka kama kwamba haikuwa na neno. Kesho yake mambo ni yale yale.

Hasara yake si ndogo. Kutoka Muhoroni mpaka Kisumu ni zaidi ya kilomita 50, na maziwa yaliyo katika mkebe juani hayangoji injini ipoe. Hasara ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza: mwenye motokaa huanza kununua vyuma kwa kubahatisha. Leo betri mpya, wiki ijayo kabureta, mwezi ujao pampu. Fedha za mbolea zimekwisha, na ugonjwa uko pale pale.

Mkulima mwenye akili hamdungi ng'ombe wake sindano kabla ya kujua kama ana ndigana au ana ugonjwa mwingine. Kwanza anapima joto, anatazama tezi, anaangalia kama kuna kupe. Motokaa nayo ni hivyo hivyo. Tafuta ugonjwa kwanza, ndipo ununue dawa.

MAMBO MANNE YANAYOTAKIWA NA INJINI

Injini ya petroli inataka mambo manne tu: petroli, hewa, moto wa plagi unaotoka kwa wakati wake, na nguvu ya kubana hewa ndani ya silinda, ambayo mafundi huiita kompresheni. Injini ikizimika, moja katika haya limekosekana. Kazi yako ni kujua ni lipi.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanangoja motokaa ipoe, kisha wanaipeleka kwa fundi Kibuye au Kondele. Fundi anapiga stata mara moja, inawaka, naye haoni ubaya wo wote. Afanye nini? Anabadilisha anachokidhania. Ugonjwa huu huonekana wakati mmoja tu, yaani wakati injini ni moto na imekataa kuwaka. Nusu saa ile ya kungoja kando ya barabara ndiyo nusu saa ya kupima.

Basi weka vitu hivi katika motokaa yako: plagi moja iliyo nzima, bisibisi, spana ya plagi, koleo lenye mpira mikononi, balbu ndogo ya volti 12 iliyofungwa waya mbili, kitambaa kizito, na chupa mbili za maji. Vyote vinaingia katika mfuko mmoja.

KABLA YA KUFUNGUA BONETI

Sukuma motokaa nje ya barabara. Ikizimikia kwenye njia ya reli, watu washuke wote kwanza, kisha isukumwe mpaka ivuke. Weka vibao vyekundu vya pembetatu mbele na nyuma. Funga breki ya mkono na weka jiwe nyuma ya gurudumu, na ukiondoka uliondoe jiwe hilo, kwa maana mawe yanayoachwa barabarani yameua watu wengi usiku. Mtu ye yote asivute sigara karibu. Wala usifungue kifuniko cha rediata ingali moto, maana maji yatakurukia usoni.

JAMBO LA KWANZA: JE, INJINI INAZUNGUKA?

Piga stata. Kama injini haizunguki, au inazunguka kwa uzito sana, huu si ugonjwa tunaousema. Angalia vichwa vya betri kama ni vichafu au vimelegea, na waya mnene unaounga injini na bodi. Waya huo ukiliwa na kutu, stata hukosa nguvu, na joto huzidi kuidhoofisha.

Tazama pia geji ya joto. Ikiwa sindano imefika kwenye alama nyekundu, injini yenyewe imechemka. Kisumu iko kiasi cha meta 1,130 juu ya bahari, na maji ya wazi huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kwa hiyo rediata iliyoziba, mkanda wa feni uliolegea au kifuniko kisichobana huleta matata upesi. Ngoja ipoe, kisha utafute maji yanakopotelea. Usiendelee na safari kwa kubahatisha, maana kichwa cha silinda kikipinda, gharama yake ni kubwa.

Lakini ikiwa injini inazunguka kwa nguvu, na geji iko mahali pake, endelea na jambo la pili.

JAMBO LA PILI: KIFUNIKO CHA TANGI

Hili ndilo jepesi kuliko yote, na wengi hulisahau. Petroli ikitoka katika tangi, lazima hewa iingie mahali pake. Katika motokaa nyingi za zamani hewa hupitia tundu dogo la kifuniko. Tundu likizibwa na matope, pampu huvuta mpaka ikashindwa. Ukingoja, hewa huingia kidogo kidogo, na motokaa huwaka tena. Mtu husema ni joto, kumbe ni tundu.

Fungua kifuniko na usikilize. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa sauti, kisha injini ikawaka, umepata ugonjwa. Wengine wamepoteza kifuniko wakafunga mdomo wa tangi kwa nailoni na mpira. Nailoni huzuia hewa kabisa, na kitambaa nacho huangusha nyuzi ndani ya petroli. Nunua kifuniko chake halisi.

JAMBO LA TATU: MOTO WA PLAGI

Pima moto wa plagi kabla ya kufungua mpira wo wote wa petroli, ili cheche isikutane na mvuke. Ukisikia harufu kali ya petroli, au ukiona imemwagika, ngoja ikauke kwanza.

Ondoa waya mmoja kwenye plagi, uchomeke katika plagi yako ya akiba. Laza plagi hiyo juu ya chuma cha injini, mbali na kabureta, ili chuma chake kiguse chuma. Usiishike kwa mkono mtupu, tumia koleo. Mwambie mwenzako aliye ndani apige stata. Moto mzuri ni wa buluu, nao hulia kwa nguvu. Moto wa manjano na mwembamba ni dhaifu. Katika motokaa zenye kifaa cha elektroniki cha kuwashia moto, usiache waya ukielea hewani bila plagi, maana unaweza kuharibu kifaa hicho.

Kama hakuna moto, ng'oa waya mnene wa katikati ya kifuniko cha distribyuta, unaotoka kwenye koili, uuchomeke katika plagi ile, upime tena. Moto ukitoka hapa, koili ni nzima, na ubaya uko katika kifuniko cha distribyuta, rota au nyaya za plagi. Usipotoka, tumia balbu yako. Waya wake mmoja uguse bodi ya motokaa, wa pili uguse koili, na swichi iwe imefunguliwa.

Gusa kwanza upande ambao umeme unaingia. Balbu isipowaka, umeme haufiki. Tazama swichi, fyuzi na viungo vya waya. Ikiwaka, gusa upande wa pili, unaokwenda kwenye distribyuta, mwenzako apige stata. Balbu ikiwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika, pointi zinafanya kazi yake, na wa kushukiwa ni koili au kondensa. Ikiwaka moja kwa moja bila kuzimika, pointi ni chafu au waya ndani ya distribyuta umekatika. Ikiwa haiwaki kabisa, ondoa waya mwembamba unaokwenda kwenye distribyuta na uguse tena pale pale: ikiwaka sasa, ubaya uko katika pointi au kondensa, isipowaka, koili imekatika ndani.

Koili na kondensa ndizo zinazoongoza kwa ugonjwa huu wa joto. Ndani ya koili kuna waya mwembamba kama unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Koili ikizeeka, joto hupanua waya huo, na ngozi inayoutenga hupasuka. Umeme hupotea ndani kwa ndani. Ikipoa, waya hurudi mahali pake, nayo inafanya kazi. Ndiyo sababu fundi haoni kitu.

Koili kuwa moto mkononi si ajabu. Swali ni kama inatoa moto kwenye plagi. Lowesha kitambaa, ukikamue, ukizungushe kwenye mwili wa koili, si kwenye kichwa chenye waya mnene. Ngoja dakika tano, upime tena. Moto ukirudi, umeishika koili katika hatia. Lakini hata hivyo, kabla ya kutoa fedha, azima ya jirani yenye motokaa kama yako, uende nayo safari moja. Hapo hakuna shaka tena.

Tena angalia sana jambo hili. Koili ni za namna mbili. Moja ni ya volti 12 kamili, na nyingine hutumika pamoja na kipande cha kupunguza umeme, yaani rezista. Kwa macho zinafanana. Ukinunua ile ya pili na motokaa yako haina rezista, au fundi ameiruka, koili itakuwa moto kupita kiasi na pointi zitaungua. Mtu hununua koili mpya mara tatu kwa mwaka, akalaumu duka. Peleka koili ya zamani dukani, usome maandishi yake, uulize kama inataka rezista au haitaki. Wala usiache swichi wazi injini ikiwa imezimwa. Koili huungua bure.

Kondensa ni kikopo kidogo kilicho kando ya pointi. Kikiharibika, cheche huruka kwenye pointi badala ya plagi, na nyuso za pointi huwa nyeusi na zenye mashimo. Bei yake ni ndogo. Kila ubadilishapo pointi, badilisha na kondensa, na uache nafasi iliyoandikwa katika kitabu cha motokaa. Kwa nyingi za zamani ni kiasi cha milimita 0.4.

JAMBO LA NNE: PETROLI

Ikiwa moto wa plagi ni mzuri, rudisha nyaya mahali pake, uitazame petroli. Fungua plagi moja. Je, ni kavu, au imelowa?

Ikiwa imelowa na kunuka, petroli imezidi. Hili hutokea hasa ukisimama kwa muda mfupi, kama pale Ahero. Injini ikizimwa, feni na maji husimama, na joto lote hupanda juu. Petroli iliyo katika kabureta huchemka na kumwagikia ndani. Rudisha plagi. Kanyaga mafuta mpaka chini, uushikilie mguu hapo bila kupiga piga, na upige stata kwa sekunde kadhaa. Hewa itaingia na kukausha silinda. Anayepiga piga mafuta huongeza petroli juu ya petroli.

Ikiwa plagi ni kavu, swichi ikiwa imefungwa, ondoa kifuniko cha chujio cha hewa, uchungulie kabureta huku mwenzako akikanyaga mafuta mara moja. Lazima uone petroli ikiruka kama uzi. Usipoiona, kabureta ni tupu. Lowesha kitambaa, ukiweke juu ya pampu na bomba lake dakika chache, kisha upige stata. Ikiwaka, petroli ilikuwa imegeuka mvuke ndani ya bomba.

Petroli si kitu kimoja kama maji. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye joto la nyuzi 40 hivi, na chini ya boneti huku kwetu joto hupita hapo kwa mbali. Pampu ya zamani iko kwenye injini, nayo huvuta petroli kutoka nyuma. Kile kinachovutwa huchemka upesi zaidi. Tena ukipanda juu, uzito wa hewa unapungua. Ndiyo sababu motokaa iliyovumilia Kano hukataa ikipanda mlima wa Kericho ikiwa na mzigo, kwa kuwa injini inafanya kazi nyingi na hewa ni nyepesi.

Dawa yake si kumwaga maji kila siku. Tafuta sababu. Bomba la petroli limekaribia bomba la moshi? Lisogeze. Kile kipande kinene kilichowekwa kati ya injini na pampu, au chini ya kabureta, kimetupwa na fundi? Kirudishwe, kazi yake ni kuzuia joto. Chujio limeziba? Mipira imepasuka, ikivuta hewa? Badilisha. Na kama kila mara inazimika, ikingoja kidogo inawaka, hata siku ya baridi, tazama ndani ya tangi. Takataka huvutwa mpaka mdomo wa bomba ukazibwa. Injini ikizimika, zinaanguka chini. Hili hulingana sana na ugonjwa wa joto, kumbe ni uchafu wa mtungi uliotumika kujaza petroli.

Jambo moja tunalikataza kabisa. Wako watu wanaomimina petroli kwa mkono ndani ya kabureta huku stata inapigwa, na wengine wanaofunga mtungi wa plastiki wenye petroli ndani ya boneti uwe tangi. Injini ikipiga kinyume, moto hutoka juu ya kabureta. Petroli haina huruma. Julai 2021, huko Malanga katika Siaya, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, watu zaidi ya 10 walikufa kwa moto walipokuwa wakichota petroli ya lori lililoanguka. Kidogo nacho huunguza kama kingi.

IKIWA MOTO NA PETROLI VYOTE VIKO

Basi iliyobaki ni kompresheni. Vali zinahitaji nafasi ndogo ili zifunge vizuri. Nafasi hiyo ikiisha, injini ikipata moto vali hubaki wazi kidogo, na hewa haibanwi. Injini huzunguka kwa wepesi kupita kawaida, lakini haiwaki. Motokaa za zamani zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, ambayo ililinda viti vya vali. Petroli hiyo iliacha kuuzwa katika nchi za Afrika kusini ya Sahara ifikapo mwanzo wa 2006, na Agosti 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilitangaza kwamba imekwisha duniani kote. Hilo ni jema kwa afya ya watoto wetu. Lakini mwenye injini nzee apime nafasi za vali mara kwa mara kama kitabu kinavyosema. Kazi hiyo ni ya fundi, nayo haihitaji kununua chuma cho chote.

MOTOKAA ZA KOMPYUTA

Motokaa za baadaye kidogo, zisizo na kabureta, zina ugonjwa huu huu kwa sura nyingine. Hazina pointi, bali kuna kifaa cha elektroniki na kihisio kinachosoma mzunguko wa injini. Vyote viwili huweza kufa vikipata moto na kufufuka vikipoa. Pampu yake mara nyingi iko ndani ya tangi, na petroli ndiyo inayoipoza. Mwenye kutembea kila siku na petroli ya chini kabisa anaiua pampu yake mwenyewe. Kupima ni kule kule: je, kuna moto? Je, kuna petroli? Ukimpelekea fundi majibu hayo mawili, umemsaidia nusu ya kazi.

ANDIKA KATIKA DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kama unavyoandika maziwa ya kila ng'ombe, andika na habari za motokaa. Ilizimika wapi? Baada ya kilomita ngapi? Ikiwa inakwenda au baada ya kusimama? Moto wa plagi ulikuwako? Plagi ilikuwa kavu au imelowa? Ilipumzika dakika ngapi kabla ya kuwaka? Ikizimika mara tatu, karatasi hiyo itakuonyesha njia.

Kisha mpe fundi karatasi hiyo, umwambie: "Bwana fundi, ikiwa moto haina cheche, lakini koili ikipozwa cheche inarudi." Fundi mwema atafurahi, maana hakuna aliyemwambia hivyo siku nyingi. Na yule anayetaka kukuuzia kabureta ataona kwamba leo amekutana na mwenye motokaa anayejua motokaa yake. Vyuma vyote vinavyotolewa, vidai uvichukue nyumbani.

Ndugu wakulima, mabwana na mabibi, motokaa nzee si aibu. Mfuko ule wenye plagi moja, balbu, kitambaa na maji uwe chini ya kiti kabla ya safari ijayo ya Kisumu.